Kituo cha 'hapa' na kituo cha 'huko'

Mvua ilinikamata Litein. Nilikuwa nikitoka Kericho kuelekea Kisii, na wanaoijua njia hiyo wanajua kwamba mvua ya alasiri katika nchi ya majani chai haibishani na mtu. Niliingia katika mkahawa mmoja kando ya barabara, nikaagiza chai na mandazi, nikaketi mkabala na runinga iliyotundikwa ukutani. Ilikuwa ikionyesha kituo kimojawapo cha lugha ya Kikalenjin. Watangazaji wawili walikuwa wakijadili bonasi ya wakulima wa majani chai, na kwa kiasi nilichoweza kufuata, walikuwa wakiijadili vizuri.

Mzee mmoja aliyekuwa meza ya pili, kofia yake bado yachuruzika maji, alimgeukia msichana aliyekuwa akituhudumia. Alimsemesha kwa Kiswahili kwa kuwa msichana yule hakuwa mwenyeji.

"Hii TV iko wapi?"

"Si ni ya kwenu, mzee."

"Najua ni ya kwetu. Mimi nauliza iko wapi."

Msichana alicheka, akaenda kuleta chai ya mtu mwingine. Nami, pamoja na shahada yangu ya uzamifu na miaka zaidi ya thelathini ya kufundisha isimu, sikuwa na jibu la haraka la kumpa mzee yule. Jibu la haraka lingekuwa "Nairobi", lakini hilo ni jibu la mwenye kutaka kurudi kunywa chai yake. Swali lenyewe lilikuwa limetenganisha vitu viwili ambavyo sisi wasomi wa lugha, wanahabari na hata wanaotoa leseni tumevichanganya kwa muda mrefu: lugha ya kituo na mahali pa kituo.

Hebu tuanze na maneno, maana hiyo ndiyo kazi ya safu hii. 'Idhaa' tumeitoa katika Kiarabu, na maana yake ni kule kutangaza, kueneza sauti; haisemi lolote kuhusu mahali. 'Stesheni' ilikuja na Waingereza, na wazee wetu waliijua ya gari la moshi kabla ya kuijua ya redio. 'Runinga', neno ambalo wengi wetu hulinasibisha na marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, ni jina la chombo, na limeshika zaidi upande wetu wa Kenya. Watanzania husema 'luninga' au 'televisheni', na sioni haja ya kupigania herufi moja. Lakini 'kituo' ni neno la nasaba nyingine. Limetokana na kitenzi 'tua'. Kituo ni mahali mtu anapotua, au anapotua mzigo. Mkulima wa Bureti au Konoin halihitaji kamusi kwa hilo. Kwake kituo ni kile kibanda cha kando ya njia anapotua kikapu, majani yakapimwa kwa kilo, karani akaandika, lori likaja kuyabeba kuyapeleka kiwandani. Hakuna kituo kisicho na mahali. Ukimwambia mkulima kwamba kituo chake kimo hewani tu, atakuuliza majani yake yapimwe wapi.

Sasa tazama tunavyolitumia neno hilo katika utangazaji. Mtambo unaopokea mawimbi na kuyarusha mbele, usio na mtangazaji wala kamera, tunauita kituo. Runinga inayomilikiwa na kampuni kubwa, ikapewa lugha yake na nembo yake lakini ikabaki chini ya paa la mama yake, nayo tunaiita kituo. Na runinga yenye mwenyewe, iliyotia saini mkataba wa kuonyesha baadhi ya vipindi vya shirika jingine, ni kituo pia. Hivi ni vitu vitatu tofauti kabisa. Cha kwanza ningekiita mtambo tu, bila kukipamba. Cha pili ni kituo tanzu. Cha tatu tayari kina jina zuri, na si la kubuni: Idhaa ya Kiswahili ya DW huziita redio zinazopokea matangazo yake 'redio washirika'. Kwa hiyo tuna 'kituo mshirika'. Mshirika huingia katika shirika kwa hiari yake na aweza kutoka. Tanzu halitoki kwenye shina.

Kuna kipimo rahisi cha kutofautisha kituo na mfano wa kituo, nacho kimo ndani ya sarufi yetu. Kiswahili hakimruhusu mtu aeleze tukio bila kusema yeye amesimama wapi. Tuna 'hapa' na 'hapo', 'huku' na 'huko', 'humu' na 'humo'. Sikiliza taarifa za saa moja jioni, iwe ni Nipashe ya Citizen, KTN Leo, NTV Jioni au Darubini ya KBC. Msomaji wa habari husema "huko Kericho", "huko Bomet", kisha "hapa Nairobi" au "hapa jijini". Hakosei. Ameketi Nairobi, na sarufi inamlazimu. Lakini mtu aliyeketi Kapkatet, miguu yake ikiwa kwenye udongo unaozungumziwa, anaiona nyumba yake ikiitwa 'huko'. Anasikia hivyo kila jioni, miaka nenda miaka rudi. Mwishowe yeye mwenyewe akipigiwa simu na jamaa aliye mjini husema, "Huku kwetu mashinani." Na 'mashinani' hilo nalo! Kericho kuna Mahakama Kuu, kuna hospitali ya rufaa ya kaunti, na kilomita chache kutoka mjini kuna Chuo Kikuu cha Kabianga. Yote hayo yanaingizwa katika sehemu ya 'habari za mashinani', baina ya habari za siasa na za michezo. Sijui shina gani hilo ambalo halina tawi.

Kituo cha mahali, basi, ni kile kinachosema 'hapa' kuhusu mahali pa watazamaji wake. Kwa kipimo hicho, nchi ya majani chai haijakipata kituo chenye nguvu ya kusikika jioni kama zile za jiji, ijapokuwa imetangaziwa kwa lugha yake kwa miaka mingi.

Historia inaeleza kwa nini. Televisheni ilianza nchini mwaka 1962, mtambo wake wa kwanza ukiwa katika nyumba ya shambani huko Limuru, na mawimbi yakifika umbali wa maili 15 hivi. (Nami nimesema 'huko', msomaji wa Limuru anisamehe.) Mwaka 1964 serikali ililichukua shirika likawa Sauti ya Kenya, na mwaka 1989 likarudia jina la KBC. Runinga ilipotoka Nairobi kuja upande wa magharibi, kilichojengwa kilikuwa mitambo, kama ule wa Timboroa kwenye nyanda za juu. Kazi ya mtambo ni kusukuma sauti ya Nairobi mbele. Mtu wa Kericho aliyenunua runinga miaka hiyo, na hawakuwa wengi, alinunua dirisha la kutazama mji mkuu. Dirisha hilo halikuwa na upande wa pili.

Mwaka 1990 ikaja KTN, ya kwanza isiyo ya serikali. Mwanzoni ilionekana Nairobi pekee, na sehemu kubwa ya saa zake ilijazwa na matangazo ya CNN. Huo ndio ushirika wa kwanza wa runinga tulioushuhudia kwa macho: kituo cha Nairobi kikiwa mshirika wa mtandao wa Atlanta. Wakati wa Vita vya Ghuba vya 1991, mkazi wa Nairobi mwenye runinga aliona makombora ya Baghdad usiku uleule. Njia ya kutoka Baghdad hadi Nairobi ilikuwa fupi kuliko ya kutoka Bomet hadi Nairobi. Baadaye Nation, Citizen na wengine waliingia, na kila mmoja alifanya vilevile: alianza na studio Nairobi, kisha akapanda mitambo milimani. Mtandao ulitangulia, vituo vikafuata, na mara nyingi havikufuata.

Wanaosoma historia ya utangazaji Marekani wanajua kwamba kule mambo yalikwenda kinyume. Leseni ya kurusha matangazo hutolewa kwa mji fulani, na kituo kina wajibu kwa mji huo. Mitandao kama NBC, iliyoanza na redio mwaka 1926, ilijijenga kwa kufanya mikataba na vituo ambavyo vingi havikuwa mali yake. Kwa miaka mingi, hadi katikati ya miaka ya 1980, kampuni moja haikuruhusiwa kumiliki zaidi ya vituo saba vya televisheni. Waliobaki ilikuwa lazima wawe washirika. Mwaka 1994 mtandao wa Fox ulipokwisha kupata haki za kuonyesha kandanda ya Kimarekani, ulifanya mkataba na kampuni ya New World, na vituo katika miji kadhaa vikahama kutoka mitandao mikongwe. Watazamaji waliamka wakakuta tamthilia zao zimehamia nambari nyingine, lakini msomaji wa habari za mji wao alikuwa palepale, akisema 'hapa'. Ndoa ilivunjika, nyumba ikabaki.

Sitaki msomaji adhani naiona Marekani kuwa pepo ya utangazaji. Mwaka 2018 iligunduliwa kwamba makumi ya wasomaji habari wa vituo vya kampuni ya Sinclair, kila mmoja katika mji wake, walikuwa wamesomeshwa maneno yaleyale kuwaonya watazamaji juu ya habari za uongo. Mtu mmoja akaziunganisha video zao, zikawa kama kwaya. Kwa hiyo hata penye 'hapa', mwenye mali aweza kuingiza 'huko' yake kinyemela. Lakini watazamaji walikasirika, na walikasirika kwa sababu walikuwa na kitu cha kupoteza.

Sisi tulipata njia nyingine ya kuwa 'wa kwetu', nayo ni lugha. Hapa lazima niseme jambo ambalo wengi wa vijana wangu darasani huwa hawalijui. Jina 'Kalenjin' lenyewe ni zao la redio. Katika miaka ya 1940, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, mtangazaji John arap Chemallan alikuwa na desturi ya kuwaambia wasikilizaji wake maneno yenye maana ya 'nawaambieni'. Wanafunzi wa Alliance nao wakalishika neno hilo wakaunda chama chao. Wakipsigis, Wanandi, Watugen, Wakeiyo, Wamarakwet na ndugu zao wengine, ambao hawakuwa na jina moja la kujiita, walilipata kupitia kauli ya mtangazaji. Kwa hiyo anayesema kwamba redio ni burudani tu, na akaseme hivyo kwa jamii nyingine.

Baada ya mawimbi kufunguliwa, redio za lugha za mama ziliota kama uyoga. KBC ilikuwa na Kitwek FM. Royal Media Services ikaleta Chamgei FM, na jina hilo ni salamu ambayo kila mpita njia Kericho ataitikiwa. Mwaka 2005 ikaja Kass FM, na jina lake ni wito wa kusikiliza. Mediamax nayo ina Emoo FM. Kass ikazaa runinga, Kass TV. Kama mtu wa lugha, nazishukuru. Zimefufua msamiati wa ufugaji na wa kilimo uliokuwa ukifa na wazee. Zimewafanya vijana waone kwamba mtu aweza kujadili bajeti ya serikali kwa Kikalenjin bila kupotea njia. Anayezidharau kwa kuziita za kikabila hajazisikiliza.

Lakini ziko wapi? Hilo ndilo swali la mzee wa Litein. Kipindi cha asubuhi kilichoifanya Kass FM ijulikane hata ng'ambo kiliitwa Lee Nee Eme, yaani, kwa tafsiri yangu ya haraka, nchi yasemaje. Ni jina zuri mno kwa kipindi cha redio. Swali hilo, hata hivyo, lilikuwa likiulizwa kutoka studio ya Nairobi. Mtangazaji wake, Joshua arap Sang, alishtakiwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai pamoja na William Ruto, na Aprili 2016 majaji waliisitisha kesi hiyo kwa udhaifu wa ushahidi. Sina nia ya kuifufua hapa. Ninalotaka msomaji alione ni kwamba mabishano yote ya miaka ile yalihusu kilichosemwa na kwa lugha gani; nani aliulizwa kilisemwa kutoka wapi? Mtu anayetangaza akiwa kilomita mia mbili na zaidi kutoka kwa msikilizaji wake hatakutana naye sokoni kesho yake. Hataulizwa na jirani wa kabila jingine, "Jana ulimaanisha nini?"

Nenda Chebilat uone ninachosema. Soko hilo liko mpakani: upande huu Sotik, katika Kaunti ya Bomet, upande ule Borabu, katika Kaunti ya Nyamira. Wakipsigis na Wakisii huuziana hapo maziwa, ndizi, mahindi, viatu. Mapema 2008 palichomwa. Leo, msikilizaji wa upande mmoja anaweza kufungua Chamgei FM na wa upande wa pili Egesa FM ya Kikisii, maduka yao yakiwa yametenganishwa na lami. Chamgei na Egesa zina mmiliki mmoja, Royal Media Services, ambayo pia ndiyo mwenye Radio Citizen na runinga ya Citizen. Sisemi kwamba redio hizo zilichochea chochote. Sina ushahidi na sitabuni. Nasema mpangilio wenyewe una kasoro. Mtandao uliogawa matawi yake kwa lugha umewaketisha majirani kwa kupeana mgongo. Kila mmoja anasikia habari za watu wa lugha yake waliotapakaa nchi nzima, na hasikii za mtu aliye ng'ambo ya barabara. Mvua ya mawe ikiharibu ndizi za Borabu jana, aliye Sotik ataijua kwa kumwona mwenye ndizi akija na mkungu mdogo.

Kisha kuna mashamba makubwa. Brooke Bond iliingia Kericho mwaka 1924, na African Highlands ya James Finlay ikafuata. Tangu mwanzo wafanyakazi wametoka kila upande: Wakipsigis wenyewe, Wakisii, Waluo, Waluhya na wengine. Katika nyumba za wafanyakazi, kwenye foleni ya kupima majani, katika zahanati na kanisani, lugha ya kukutania imekuwa Kiswahili. Ni Kiswahili chenye lafudhi zote na makosa yote niliyowahi kuyasahihisha kwa wino mwekundu, na ni lugha hai ya mahali hapo kwa karibu miaka mia moja. Sasa niambie: mchuma chai aliyetoka Vihiga au Nyamira, anayeishi Kericho, watoto wake wakasoma Kericho, kituo chake 'cha kwetu' ni kipi? Ya Kikalenjin si lugha yake. Ya kwao alikotoka haimwelezi habari za anakoishi. Ile ya kitaifa inamwita 'huko'. Huyu ndiye mtu aliyesahauliwa na mfumo wetu wote, na hakusahauliwa kwa ubaya. Alisahauliwa na fasili.

Mwaka 2023 ulitupa mfano wa kusikitisha. Mwezi Februari, BBC ilionyesha makala ya upelelezi kuhusu unyanyasaji wa kingono katika mashamba ya Kericho yaliyokuwa yakimilikiwa na kampuni za Uingereza. Wanawake zaidi ya 70 waliwasimulia wanahabari hao kwamba walinyanyaswa na wasimamizi wao. Bunge letu likashtuka. Vituo vyetu vikanukuu. Habari ile ilichumwa Kericho, ikasindikwa London, ikarudi kwetu ikiwa kwenye pakiti yenye jina la mwenyewe, na sisi tukainunua. Wanachai wanaijua vizuri biashara ya namna hiyo. Sina neno baya juu ya wanahabari wale. Walifanya kazi iliyopasa kufanywa. Lakini wanawake wale walikuwa wakipita kila siku chini ya minara ya vituo vyetu. Miezi mitatu baadaye, mwezi Mei, mashine za kuchuma majani zilichomwa na watu waliosema zinawanyang'anya kazi. Siku hiyo kamera zilifika zote. Moto huonekana hata ukiwa Nairobi. Zile sababu za moto, mazungumzo ya jioni kuhusu nani amepunguziwa siku za kazi na nani amerudi kwao na mabati yake, hizo huonekana na aliye hapa tu.

Najua mhariri mmoja au wawili watanipigia simu kuniambia habari ya pesa. Profesa, watasema, soko la matangazo ya biashara la Kericho ni dogo, kituo cha runinga ni ghali. Ni kweli. Lakini ujio wa dijitali ulipaswa kulipunguza tatizo hilo. Zamani ilimbidi mwenye runinga ajenge mnara wake. Katika mfumo wa sasa kazi mbili zimetenganishwa: mwenye kituo hutengeneza vipindi, msambazaji wa mawimbi huvifikisha kwa watu, na mtambo mmoja hubeba vituo vingi kwa mpigo. Kwa hesabu, huo ulikuwa mlango wazi kwa kituo cha Bomet chenye kamera mbili na gari moja. Badala yake, vita vilivyopiganwa vilikuwa vya nani amiliki mlango. Signet ya KBC na kampuni ya Kichina ya PANG zilipewa leseni za usambazaji. Royal Media, Nation na Standard zikaenda mahakamani kutaka yao, na Septemba 2014 Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi. Februari 2015 mitambo yao ya analojia ilizimwa, na kwa zaidi ya wiki mbili Citizen, NTV na KTN hazikuonekana. Miaka mitatu baadaye, Januari 2018, serikali ilizizima tena kwa sababu ya kuapishwa kwa Raila Odinga katika bustani ya Uhuru.

Mara zote mbili nilisikia watu wakilalamika, na nililalamika nao. Lakini tuone jambo hili kama mtu wa Kericho. Swichi iliyobonyezwa Nairobi ilitia giza nchi nzima, maana hapakuwa na cha kubaki kikiwaka. Mtandao wa washirika wa kweli hauzimwi kwa kidole kimoja. Na ving'amuzi vilipowashwa tena, mtu wa Sotik alijikuta na vituo makumi, vingi vya mahubiri, muziki na dawa za kienyeji. Kisichokuwamo ni kile cha kumwambia barabara ya kwenda Kapkoros imekatika.

Kanuni zetu hazisaidii. Zinataka asilimia 40 ya maudhui yawe ya humu nchini, na kila mtu anapiga makofi. Angalia neno 'humu'. Kwa mwenye kanuni, 'humu' ni Kenya nzima dhidi ya ng'ambo. Tamthilia iliyopigwa Kilimani ni ya 'humu' kwa mtazamaji wa Chepalungu. Sheria inatambua utangazaji wa umma, wa kibiashara na wa kijamii, lakini huo wa kijamii tumeuachia redio ndogondogo, na hata huko tulianza vibaya: redio ya kwanza ya aina hiyo, iliyofunguliwa Homa Bay mwaka 1982 kwa msaada wa UNESCO, serikali iliifunga mwaka 1984. Kama mtu angetaka mfano wa runinga iliyoanzia nje ya jiji kuu ikasimama, si lazima avuke bahari. Avuke mpaka tu. Star TV ya Tanzania makao yake ni Mwanza, na Watanzania wa Dar es Salaam wameitazama kwa miaka mingi bila kuumwa.

Ombi langu kwa wenzangu wa vyumba vya habari ni dogo, na ni la lugha. Acheni kuita 'kituo cha mashinani' kile ambacho ni tanzu la lugha lenye studio jijini. Kiiteni kituo cha Kikalenjin, au cha Kikisii, ni jina la heshima na ni la kweli. Neno 'kituo cha Kericho' au 'kituo cha Bomet' tuliweke akiba, lingoje chenye mahali. Na siku kitakapokuja, kitalazimika kusema Kikalenjin na Kiswahili vyote viwili katika jioni moja, kwa kuwa ndivyo mahali penyewe panavyosema. Alfajiri mchuma chai humsalimu jirani yake kwa lugha moja, na saa mbili baadaye humjibu msimamizi kwa nyingine. Kituo kitakachochagua moja kitakuwa kimemfungia nje mmojawapo wa watu wawili niliowakuta mkahawani.

Mvua iliponyamaza, watangazaji wale wawili walikuwa bado kwenye bonasi. Walikuwa wamefikia malalamiko ambayo hurudi mara kwa mara, kwamba mkulima wa magharibi ya Bonde la Ufa hulipwa kidogo kuliko mwenzake wa Mlima Kenya. Mzee alisikiliza hadi matangazo ya biashara yalipoingia, akasimama, akavaa kofia yake. Alimwambia msichana kwamba lori la kituo chao halikuja tangu juzi na majani yanachomeka gunini, je, hao kwenye TV wanajua? Msichana alisema hajui. Akamwuliza ni kituo gani, mzee akakitaja, naye akasema, "Hapo tu karibu! Mimi hupita hapo kila asubuhi."